Kigelegele cha Nne

Bi Muhsina, salamu. Nna jambo limenikaa kifuani na hapa sina wa kumwambia. Nakwambia weye.

Mimi hamali. Nabeba magunia pwani ya Matrah. Mchele, tende, na saruji siku hizi. Kwetu Pemba. Tumekuja huku Maskati mwaka wa sitini na nne, mie na mke wangu na mtoto mmoja wa kike, wakati ule wa kama miaka mitano. Mke wangu kafa. Mwaka wa pili huu. Homa, siku sita, basi. Sikusoma. Chuoni nilifika Juzuu Amma tu, ndiyo maana naandika kwa herufi za Kiarabu. Ukikuta kosa ruka.

Gazeti lenu la Mombasa likija na meli linasomwa duka la chai mpaka linachanika. Nilisikia ulivyomkemea yule mtu wa Lamu na shemeji yake. Nikasema huyu bibi hamwogopi mtu. Jina langu usilitie.

Shida yangu ni hii. Nimepata kazi ya kushangilia mpira.

Usicheke.

Zamani hapa hapakuwa na ngoma wala kelele. Mpira ulichezwa, watu wakatazama kama wamekaa tanga. Tangu Julai, kaja sultani mpya, mambo yamefunguka. Timu ya watu wa pwani inacheza Ijumaa, watu wakishasali na kula, uwanja wa mchanga kule Ruwi. Milima imeuzunguka. Juu ya mlima mmoja kuna mnara wa zamani wa walinzi, umebomoka nusu, hapandi mtu, wanasema una wenyewe.

Tulikwenda kutazama, mie na kundi langu. Watu kama mia. Wanapiga makofi ovyo, huyu huku, yule kule. Nikachoka. Nikasimama nikatoa kama ninavyotoa kazini.

Kazini mie ndiye mtoaji. Tunabeba kwa wimbo. Mie natoa, wao wanapokea, mguu unakwenda pamoja. Nna watu kumi na mbili nyuma yangu. Siwezi kugeuka kuwatizama, gunia liko shingoni. Nawajua kwa sikio. Sauti moja ikikosekana, mtu kaanguka au kategea. Miaka sita sijakosea. Hili liweke kichwani.

Basi nikatoa. "Nani kapanda?" Kundi langu likapokea, "Sisi!" "Nani kalala?" "Wao!" Mara ya tatu uwanja mzima unapokea. Vijana wetu walikuwa wamefungwa mawili. Wakarudisha mawili wakatia la tatu.

Baada ya mpira kaja Sheikh Thani, mfanyabiashara, ndiye anayewanunulia jezi. Kanishika koo, hapa, kama mtu anayetizama mbuzi.

"Hiki kitu umekipata wapi?"

"Kazini."

"Toka leo usibebe. Migongo iko mingi. Koo hili nipe mie."

Kasema atanilipa kwa mwezi. Niwapange watu, niwafundishe kupokea, nisimame mbele kila mechi. Na kuna klabu Bahreni anajuana nao, wanataka mtu kama huyo, na chumba wanampa. Msimu wa hapa ukisha atanipeleka. Amur, anayebeba nyuma yangu, kanicheka mpaka kakaa chini.

"Mtu mzima ulipwe kwa kupiga kelele? Mke wangu hupiga bure."

Nikamwambia mie mgongo wangu umekwisha. Asubuhi nainuka kwa kushika ukuta. Nna miaka arubaini na mitatu. Kazi hii naitaka. Sijapata kutaka kazi, nilikuwa nafanya tu. Hii naitaka.

Sasa sikiliza.

Siku ile ya kwanza nilipotoa, kabla watu hawajapokea, kuna mtu alipokea. Mwanamke. Kigelegele. Hapa wanawake hawaji uwanjani, hata mmoja. Nikageuka. Wanaume watupu.

Nikamuuliza Amur, umesikia?

"Mlima huo. Unarudisha."

Mlima naujua. Mlima unarudisha ulichotoa, na unarudisha nyuma yako. Hiki kilikuja mbele. Mie namaliza "nani kapanda", watu wanavuta pumzi, chenyewe kishafika.

Na nilikijua.

Mke wangu Masouda kwao alikuwa mwongoza wanawake kwenye mchezo wa ng'ombe. Weye labda unaujua. Dume linatiwa kamba, wanaume wanalichezea kwa kitambaa, linawafukuza, wanawake wanaimba na kushangilia. Yeye alikuwa na kigelegele chake. Vitatu vya haraka, anakata, kimya kidogo, kisha kimoja kirefu. Nilimuuliza mara ya kwanza kusema naye, kwa nini vile? Kasema, "Vitatu vya mwenye kushinda. Kimoja cha mwenye kuogopa, naye apate." Mie nilikuwa juu ya mwembe siku ile, nimelikimbia dume. Ndivyo tulivyojuana.

Huku Matrah hakupiga hata kimoja. Haikuwa inafaa. Hata harusi za watu wetu zilikwenda kimya. Miaka minne. Kafa nacho.

Uwanjani vikaja vitatu, vikakatwa, kimya, kimoja kirefu. Nikachutama mchangani. Watu wakadhani napumzika.

Mechi ya pili hivyo hivyo. Mechi ya tatu hivyo hivyo. Na tunashinda.

Sasa mtoto. Ana miaka kumi na mmoja. Mechi ya kwanza narudi nyumbani, namwita, kafungua mdomo, hapana kitu. Hewa tu. Nikasema baridi. Siku ya tatu sauti ikarudi. Mechi ya pili ikaondoka siku tano. Mechi ya tatu wiki nzima. Ijumaa isiyo na mpira hana ugonjwa, anasema kama kasuku. Nimepima. Kila nikisikia sauti ya mama yake, yake inaondoka.

Na kuna mtungi. Mtungi wa maji wa Masouda, wa udongo, huku wanauita jahla, unaning'inia uani. Maji hautiwi tena, una ufa chini. Siku moja hapakuwa na meli ya kushusha, nikarudi mapema. Mtoto kakaa chini, kaupakata mtungi, kaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtungi. Na mtungi unalia. Kama nyuki. Mwili wake hautikisiki. Unaolia ni mtungi.

"Unafanya nini?"

Kainua uso. Duara jekundu limemzunguka midomoni. Kautua mtungi.

Na miguu. Nyayo zina miba. Gauni lina vumbi jeupe mabegani, chokaa. Nyumba yetu ya makuti, haina chokaa hata kidogo. Nikamuuliza hii ya wapi? Kajipangusa mabega. Nikamuuliza nani anakuchukua? Kalia. Kulia kwenyewe hakuna sauti. Machozi yanashuka tu na kifua kinakwenda juu chini. Nikatoka nje. Sikuweza kutizama.

Jirani yangu Bi Mahfoudha ndiye anayemtizama mtoto nikiwa kazini; Ijumaa mtoto hukaa peke yake. Mtu wa hapa hapa, mtu mzima, ana roho nzuri. Nikamwambia yote. Kasema, "Marehemu anataka kusema na hana koo. Anaazima la mwanawe. Siku moja ataliazima asirudishe." Kuna mzee mmoja anachoma kwa chuma. Huku wanachoma kwa kila ugonjwa, mie mwenyewe nimechomwa kiuno. Kasema mtoto achomwe mara moja, hapa chini ya koo, njia izibwe. Nimeshasema na mzee. Mechi ya mwisho ni wiki ya nne kutoka leo. Siku ya pili yake, Jumamosi, tunampeleka.

Mechi ya nne nikafanya mtihani. Nikamwambia Bi Mahfoudha akae na mtoto ndani, amshike mkono, asimwache mpaka nirudi. Nikenda. Nikatoa. Nikangoja. Vitatu havikuja. Nikashukuru Mungu. Nikatoa tena, watu wakapokea, hawana nguvu. Tukafungwa. Sheikh Thani ananitizama. Jasho linanitoka na upepo ni wa baridi. Nikaogopa. Kazi inaondoka naiona. Nikatoa mara ya tatu.

Vitatu havikuja.

Kile kimoja kilikuja. Kirefu. Peke yake.

Nikaondoka mbio, mpira haujesha. Kutoka Ruwi mpaka Matrah sikusimama. Bi Mahfoudha kakaa pale pale, mkono wa mtoto mkononi mwake. Kaapa kwa Mungu, mtoto hakufungua mdomo tangu alasiri. Mtoto kaniinulia uso, sauti yake nzima, haina hata mkwaruzo.

"Baba, mmefungwa?"

Sasa mie sijui niliache lipi, nikiiacha kazi ya Sheikh narudi kubeba na mgongo hauna mwaka mwengine ndani yake na mtoto atakula nini, nikiishika kazi mtoto anakuwa bubu na ni mimi niliyemuuza, na nikimchoma njia ikazibwa basi mama yake sitomsikia tena, na hili ndilo ninaloona haya kulisema, Bi Muhsina, nimekaa na mtoto wangu wiki nzima hawezi hata kuniomba maji, ananigusa mkono kama bubu, na mimi moyoni natamani Ijumaa ifike.

Nimchome? Niache kazi? Au niende Bahreni nimwache kwa Bi Mahfoudha, wawe mbalimbali, yeye na sauti?

Nambie. Maneno mazuri sitaki.

Hamali, Matrah.

*

Bwana Hamali,

Chuma kwanza. Usimchome. Inuka sasa hivi, kabla hujafika mstari wa pili, ukamwambie huyo mzee hapana, na umwambie kwa mdomo wako, usitume mtu.

Umekwenda? Haya, kaa.

Jibu hili nimeliandika mara mbili. Moja la gazeti. La pili nimempa yule abiria aliyeniletea barua yako, anarudi na meli ya Jumanne, kwani ukingojea gazeti litakukuta mtoto keshatiwa alama shingoni ya maisha. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, ingawa umenitajia mtaa mzima. Majina ya wengine nimeyageuza mwenyewe, ukimkuta Amur gazetini usihangaike kujiuliza ni nani. Na barua yako nimeisoma bila ya kuruka hata pahala pamoja. Mwandiko wako mzuri kuliko akili yako.

Nakupa pole ya mkeo. Miaka miwili si mingi. Mtu anayekwenda mbio kutoka uwanjani mpaka nyumbani bila kusimama, na mgongo huo, huyo bado yuko matangani, hata kama watu walishakunja mikeka yao.

Sasa nikugombeze.

Wewe unajivunia sikio. Watu kumi na mbili nyuma yako unawajua kwa pumzi, anayetegea unamjua, anayeanguka unamjua. Na nyumbani kwako yuko mmoja tu, na huyo humjui. Sauti inakauka siku ya mpira peke yake. Nyayo zina miba. Mabega yana chokaa. Na barua yako mwenyewe, ukurasa wa kwanza, inanambia kuna mnara wa zamani juu ya mlima, unatazama uwanja, hapandi mtu. Mie sijafika Maskati, Hamali. Nimekaa Mombasa na kikombe changu cha kahawa, na nimeuona mnara ule, na aliyejibanza ukutani mwake nimemwona. Ungeambiwa haya ya mtoto wa Amur, wewe mwenyewe ungesema, "Huyo mtoto anamfuata babake, anapanda mlimani." Kwa kuwa ni wako, ukasema marehemu.

Ukasema kilikuja mbele ya watu. Kwani kisije? Hao mia wameujua wimbo wako Ijumaa tatu. Yeye kaujua tangu kuzaliwa. Unadhani anangoja umalize?

Na mtungi. Hapa ndipo nilipocheka, kisha sikucheka tena. Mimi kigelegele nilifundishwa na bibi yangu, kule Mambrui, ndani ya mtungi mtupu. Babu alikuwa mgonjwa, nyumba haikutaka kelele. Unaweka mdomo juu ya mdomo wa mtungi, sauti inazunguka mle ndani inakurudia, unasikia ilipopinda, unainyoosha. Aliye nje hasikii ila nyuki. Na ukimaliza una duara midomoni, tulikuwa tukilifuta kwa mate tusijulikane. Masouda wako, mwanamke wa vigelegele, kakaa miaka minne mahali ambapo kelele haifai, wewe uko pwani kutwa, na yeye yuko uani na mtoto wa kike na mtungi. Wewe wasema kafa nacho. Hakufa nacho. Alikitia mtungini, na mwanawe kakitoa.

Kwa nini hakukwambia? Jiulize ulimuuliza vipi. Hukumuuliza, "Mwanangu, ulikuwa wapi?" Ulimuuliza, "Nani anakuchukua?" Mtoto wa miaka kumi na mmoja, koo limekauka, baba kamtumbulia macho anamtafuta maiti ndani yake. Angejibu nini? Na angejibu kwa nini, wakati anajua mtoto wa kike akionekana milimani, akiwapigia vigelegele wanaume mia, atarudi nyumbani kwa bakora? Ungemchapa. Usinambie usingemchapa. Lakini mtoto aliyepagawa, bwana wangu, haulizi "Baba, mmefungwa?" Mtoto aliyepagawa hajali bao. Aliyeuliza vile ni mtu aliyekoseshwa mechi yake, kakamatwa mkono na bibi wa jirani, kaudhika. Na nikwambie jengine. Hao vijana wa mpira yeye hawajui hata kwa majina. Alikuwa hawashangilii wao. Alikuwa anakushangilia wewe.

Lile unaloona haya, la kutamani Ijumaa hali mtoto ni bubu. Umesema kweli, na watu wengi wanaoniandikia hawasemi. Basi lishike, lisikutoke, kwa sababu ndilo litakalokuzuia siku nyengine. Ulikuwa tayari kumsikiliza aliye kaburini ukamwacha aliye mbele yako akikugusa mkono akiomba maji.

Koo lake haliibiwi na mtu. Koo la mtoto linaloshindana na upepo wa mlimani na wanaume mia litakauka, hata langu lingekauka. Mpe asali na maji ya moto. Anyamaze siku tatu, kunyamaza kweli, asinong'one, kunong'ona kunaumiza zaidi. Mlimani asipande tena. Mnara uliobomoka nusu unangoja nusu ya pili. Na umwambie hivyo kwa upole, ukishamwambia kwamba umemsikia. Anza na hilo. "Nimekusikia." Hajapata kuambiwa na mtu.

Kazi ya Sheikh ichukue. Mnadi wa sokoni anakula kwa koo lake na hapana anayemcheka. Amur mwambie mkewe naye adai mshahara. Lakini maneno ya Sheikh uyatake mbele ya watu wawili wazima, na useme naye mapema, atakulipa mkishinda na mkifungwa, maana tajiri wa mpira hukumbuka koo lako ukishinda tu. Na wale kumi na mbili usiwaache njia panda. Mchague mtoaji mwengine, mfundishe, ndipo uondoke, wasije wakavunjana miguu chini ya magunia kwa kukosa wimbo.

Bahreni, siyo mwaka huu. Na siku utakayokwenda, mtoto nenda naye. Habari ya kumwacha kwa jirani ili "wawe mbalimbali, yeye na sauti" isikutoke tena mdomoni. Bi jirani mshukuru kwa mkono wake, alikaa alasiri nzima hakuachia. Kwa shauri la chuma usimshukuru.

Nasikia huko sasa watoto wa kike wanaandikwa skuli. Kamwandikishe. Na harusi ya kwanza ya watu wenu itakayopigwa ngoma, mvishe nguo nzuri umpeleke kwa wanawake, uwaambie huyu ni mtoto wa Masouda. Usiwaambie zaidi ya hilo. Watamsikia wenyewe. Wewe kaa nje na wanaume wenzio, na akikipiga, usilie mbele ya watu. Au lia. Ushalia mbele ya mtu wa gazeti.

Umetaka nisikupe maneno mazuri, kwa hivyo limebaki moja na sitokudanganya.

Ile Ijumaa mtoto alipokuwa mkononi mwa jirani. Vitatu havikuja. Hilo naliona, mwenyewe kafungiwa. Lakini kimoja kilikuja. Nimekaa na kimoja hicho siku nne, ndiyo maana jibu limechelewa. Nimesema labda mlima, lakini mlima ungerudisha nini, hapana aliyetoa. Nimesema labda Bi jirani kasinzia mtoto akachopoka, lakini kigelegele kingekuja vitatu kwanza, na wewe ulikwenda mbio, ungempita njiani. Nimesema labda mtu akiogopa husikia anachokitamani. Hili lilitaka kunikaa. Halikukaa. Wewe huna mazoea ya kusikia sauti isiyokuwapo. Miaka sita hujakosea hesabu, uliniambia niliweke kichwani, na nimeliweka.

Basi fanya hivi. Asali ikishamlainisha koo, mkalishe mwanao uani karibu na mtungi. Mwulize, bila ya ukali, kama mtu anayeuliza bei ya samaki: "Mama alikufundisha vingapi?"

Akisema vinne, basi vyote vilikuwa vyake, na alasiri ile ulisikia kwa moyo wako, na shauri limekwisha.

Akisema vitatu, na mimi naogopa atasema vitatu, usimtishe. Usigutuke usoni. Mpe maji yake anywe. Jirani usimwambie, na asitafutwe mzee wa chuma wala wa kunywesha kombe wala wa kufukiza chetezo. Wala usimfundishe mtoto hicho cha nne. Hakikuachwa kwake.

Ijumaa nenda uwanjani kazini kwako. Toa kama unavyotoa. Watu wakishapokea, wanyamazishe kidogo kwa mkono, uache nafasi kama ile aliyokuwa akiiacha yeye baada ya vitatu. Kikija, usikimbie tena. Mkeo alikwambia ni cha nani siku uliyokuwa juu ya mwembe. Maisha yako yote umekuwa mtoaji, lakini kupokea pia unakujua.

Kipokee.